Usiitie Kwenye Deki Kwanza: Namna ya Kuokoa Kanda za VHS

Kanda imetoka stoo au chini ya uvungu, lebo imefifia, na hamu ya kwanza ni kuisukumia kwenye deki uone kama bado inacheza. Hapo ndipo kanda nyingi zinapofia. Deki iliyokaa miaka 15 bila kuguswa ina mipira iliyokakamaa na hedi (vichwa vinavyosoma utepe) chafu, na kanda iliyokaa miaka 30 ina utepe ulioshikana, vumbi, pengine na ukungu. Vikikutana bila maandalizi, deki humeza kanda, kanda huichafua deki, na kanda inayofuata hurithi uchafu huo.

Ichukulie kwamba kanda yako imebakiwa na pitio moja zuri. Kila kinachofuata hapa ni kuliandaa pitio hilo, ili siku utepe unapopita mbele ya hedi, kompyuta iwe tayari inarekodi.

Deki mpya hazipo. Kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, ilifunga kazi hiyo Julai 2016, kwa hiyo deki yoyote utakayoipata ni mtumba, na vipuri vyake hutoka kwenye deki nyingine iliyokufa. Kwa sababu hiyo usianze na filamu ya Hollywood, Hong Kong au Bombay ambayo leo inapatikana kwenye diski ikiwa safi kuliko ilivyowahi kuwa kwenye VHS. Anza na vitu visivyo na nakala kwingine: harusi, maulidi, onyesho la taarabu, mechi ya mtaani, matangazo yaliyorekodiwa kutoka kwenye televisheni, na filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na akina Lufufu, watafsiri waliosimulia juu ya filamu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo, kioo cha nyumbani na cha kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, kilikuwa ni deki, na ndiyo maana kanda za miaka ile bado zimejaa kwenye makabati.

Kagua kanda mkononi

Isimamishe kanda kwenye mwanga mkali na utazame kupitia dirisha lake. Utepe uliozungushwa vizuri unaonekana mweusi, laini, kama sahani ya santuri. Ukiona vumbi jeupe, nyuzi kama za buibui au mabaka ya kijivu juu ya mzingo, huo ni ukungu. Ukiona tabaka zimepanda na kushuka kama ngazi, utepe umezungushwa vibaya na kingo zake huenda zimekunjika.

Kisha fungua mlango wa mbele: bonyeza kitufe kidogo kilichopo ubavuni karibu na mlango, uuinue. Angalia kingo mbili za utepe. Ukingo wa juu umebeba sauti ya kawaida. Ukingo wa chini umebeba alama zinazoiambia deki iende mwendo gani. Kwa hiyo mikunjo ya juu huleta sauti inayokatika, na mikunjo ya chini huleta picha inayoruka hata kama katikati ya utepe ni pazima kabisa. Ukilijua hilo mapema hutapoteza jioni nzima ukirekebisha trakingi (ulinganisho wa hedi na utepe) isiyorekebishika.

Usiguse utepe kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki pale na kukusanya vumbi.

Kabla ya jambo lingine lolote, vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda kinachoruhusu kurekodi, kama bado kipo. Kidole kikikosea na kubonyeza REC, hakuna cha kurudisha.

Ukungu

Pwani ndiyo yenye kesi nyingi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na ukungu huota vizuri kuanzia kama asilimia 65. Kanda za Nairobi na Arusha husumbuliwa zaidi na vumbi.

Ukungu mbichi ukiufuta unajipaka. Ukungu uliokauka unakuwa unga na hutoka kwa brashi. Kwa hiyo kausha kwanza: tia kanda ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na gramu 200 hivi za silika jeli. Ni ile ile ya kwenye vipakiti vya maboksi ya viatu, ila vya bure vimeshakunywa unyevu. Nunua mpya, au kausha ulivyo navyo kwenye oveni ya moto mdogo, silika peke yake bila kanda. Funga ndoo, iache kivulini wiki mbili. Usianike kanda juani. Kasha hupinda, na utepe ukipanuka haurudi kama ulivyokuwa.

Na usioke kanda kwenye oveni. Kuna aina za tepu za studio za miaka ya 1970 na 1980 ambazo huokwa kwa kipimo maalumu kwa sababu gundi yake hunyonya unyevu na kunata. Tatizo hilo kwa VHS ni nadra, na oveni ya nyumbani haina uangalifu unaotakiwa.

Kazi ya kufuta ifanye nje, barazani, siku isiyo na upepo, mbali na kanda nyingine. Vaa barakoa ya N95 na glavu. Mwenye pumu asiifanye kabisa. Vifaa ni brashi laini, vitambaa vya kufutia miwani vipatavyo kumi, na alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, ambayo mafundi simu wa Kariakoo au Luthuli Avenue wanaitumia kusafishia bodi. Ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi mno, na baadhi ya spiriti za hospitali zimetiwa mafuta. Tina usiiguse: huyeyusha plastiki.

Fungua mlango wa kanda na uuzuie kwa kipande cha kadibodi. Chini ya kasha, katikati ya magurudumu mawili, kuna tundu dogo. Ukiingiza kijiti butu humo, breki zinaachia na magurudumu yanazunguka. Zungusha gurudumu la kupokea kwa vidole, huku mkono wa pili umeshika kitambaa kilichokunjwa ukiubana utepe kwa wepesi mno, pande zote mbili, unapopita mbele. Kila baada ya mita chache geuza kitambaa upande safi. Kanda ya E-180, ile ya saa tatu, ina utepe wa mita zipatazo 258 na itakutaka mizunguko kama 1,500. Ni kazi ya saa nzima au zaidi. Usitafute njia ya mkato kwa drili. Utepe una unene wa maikromita 19 hivi, na drili haijui kusimama.

Fanya pitio la kwanza kwa kitambaa kikavu. Alkoholi itumie tu pale palipogoma, matone machache kwenye kitambaa, kamwe si kwenye utepe, na uache pakauke kabla ya kuzungusha juu yake. Ukimaliza, rudisha utepe mwanzo kwa kitambaa kipya, kisha uhamishie kwenye kasha safi, maana mbegu za ukungu zimebaki kwenye kasha la zamani.

Kanda iliyolowa maji ya mafuriko ni habari nyingine. Usiiache ikauke na tope lake. Isuuze kwa maji safi baridi hadi maji yatoke meupe, malizia na maji yaliyochujwa ya dukani, ndipo uikaushe polepole.

Kubadili kasha na kuunga utepe

Tafuta kanda isiyo na thamani ya aina hiyo hiyo. Kasha lake ndilo litakalotumika. Piga picha lebo zote za kanda yako kwanza.

Geuza kanda chini juu, fungua skrubu tano kwa bisibisi ya nyota, kisha shika nusu zote mbili kwa pamoja na uigeuze tena dirisha liwe juu kabla ya kuinua nusu ya juu. Ukiinua ikiwa chini juu, kila kitu kitadondoka. Piga picha ya ndani kwa simu kabla hujagusa chochote: njia ya utepe kupita vijiti vya pembeni, roli ndogo, breki mbili na springi yake. Springi ya mlango hupenda kuruka, na ukiipoteza usiku hutaiona hata asubuhi. Hamisha magurudumu yote mawili kwa pamoja, utepe ukiwa umefuata njia ile ile, rudisha nusu ya juu, na kaza skrubu kwa mkono hadi zishike tu. Ukikaza sana kasha linabana magurudumu na deki itaanza kusimama katikati.

Utepe uliokatika huungwa kwa gundi-tepu maalumu ya kuungia tepu za sauti au video, ile nyembamba ya poliesta. Selotepu ya dukani ni kosa la kawaida na baya: gundi yake hutoka pembeni kwa joto, inanata kwenye tabaka la jirani, kisha inaishia kwenye hedi. Kata sehemu iliyosagika kwa mkasi safi, kata ncha zote mbili kwa pamoja zikiwa zimelaliana ili zilingane, ziweke zikutane bila kupandana, bandika kipande cha sentimita 1 hadi 1.5, na punguza chochote kilichozidi kingo. Upande wa kubandika ni ule wa ndani, unaotazama magurudumu. Upande unaoonekana ukifungua mlango ndio unaosuguana na hedi, na haupaswi kubeba gundi hata chembe.

Katiko la kawaida zaidi halipo katikati bali mwishoni, pale utepe wa plastiki angavu unapoingia kwenye gurudumu. Hilo ni jepesi. Kwenye kitovu cha gurudumu kuna kibanio kidogo kinachochomoka. Lalia ncha ya utepe angavu na ukirudishe. Usiunge bila utepe huo angavu: deki hujua kanda imeisha kwa kuona mwanga ukipita pale, na isipouona itaendelea kuvuta mpaka ing'oe.

Deki

Unapochagua deki ya mtumba, tafuta yenye maandishi ya Hi-Fi usoni. Deki ya S-VHS, toleo la VHS lenye picha kali zaidi, yenye tundu la S-Video ni bora zaidi, ikipatikana. Nenda dukani na kanda yako ya majaribio, ambayo ikiliwa hutalia. Sikiliza inavyoipokea, peleka mbele hadi mwisho, rudisha hadi mwanzo, cheza dakika kumi. Deki inayorudisha kanda kwa kusuasua ina belti iliyolegea au kigurudumu cha mpira kilichopoteza mshiko, na hiyo ndiyo hasa inayomeza kanda: mhimili wa chuma unavuta utepe lakini gurudumu la kupokea haliukusanyi, nao unarundikana ndani.

Ukifika nayo nyumbani, hasa kama imetoka chumba chenye kiyoyozi kuja kwenye joto la pwani, iache saa mbili bila kuiwasha. Umande hutua kwenye dramu, silinda inayozungusha hedi, na utepe hunata pale kama karatasi kwenye kioo chenye maji.

Kusafisha ndiko kunakotofautisha picha safi na chenga. Chomoa waya wa umeme, subiri, ondoa mfuniko. Sehemu ya usambazaji umeme usiiguse hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake kubwa huhifadhi umeme wa kukurusha. Katikati utaona dramu inayong'aa, silinda ya kipenyo cha milimita 62 iliyolala kwa mteremko. Kwenye ukingo wa sehemu yake inayozunguka kuna vidirisha vidogo, na ndani ya kila kimoja hedi, kipande cha feraiti kinachochungulia nje kidogo kuliko unene wa unywele. Hicho ndicho kinachosoma picha.

Chukua kipande cha karatasi nyeupe ya printa, au ngozi laini ya kufutia, ukilowanishe kwa aisopropili. Kishikize kwenye dramu kwa kidole kimoja, bila kukandamiza na bila kukisogeza. Kwa mkono wa pili zungusha dramu yenyewe kutoka juu yake, taratibu, mizunguko kumi hivi. Karatasi itatoka na mistari ya kahawia au meusi. Badili karatasi, rudia mpaka itoke safi. Usisugue juu chini: hedi inastahimili msuguano wa pembeni tu, ule ule wa utepe, na ukipeleka mkono wima unaivunja. Vijiti vya pamba navyo viweke mbali na dramu kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye hedi. Vitumie kwingine: hedi ya sauti iliyosimama kulia kwa dramu, vijiti vya kuongozea, na mhimili wa chuma unaovuta utepe. Kigurudumu cheusi cha mpira kinachoubana utepe kwenye mhimili huo kifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha maji matupu. Alkoholi hukausha mpira. Kikiwa kimeng'aa na kugumu kama kucha, kibadilishe.

Acha kila kitu kikauke nusu saa. Ukijaribu deki mfuniko ukiwa wazi, fanya hivyo mbali na taa kali au jua: mwanga huo unaingia kwenye sensa za mwisho wa kanda, na deki itasimama kila mara ikidhani utepe umeisha. Watu wameshatupa deki nzima kwa kosa hilo.

Sasa ndipo kanda yako safi iingie. Bado usiicheze. Ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo mara moja, ili utepe uliokakamaa kwa miaka ulegee na ujipange upya.

Mfumo: PAL, NTSC, SECAM

Hii ni mifumo ya picha za televisheni, na kila nchi ina wake. Kenya na Tanzania ni PAL, na Oman pia: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Kanda iliyotumwa na ndugu wa Marekani au Kanada ni NTSC: mistari 525, picha 29.97. Za Congo na Burundi zinaweza kuwa SECAM. Lebo husaidia kidogo, kwani E-180 huuzwa nchi za PAL na T-120 za NTSC, lakini kanda tupu ya T-120 huweza kurekodiwa PAL, na hapo hubeba kama dakika 175 badala ya 120.

Deki nyingi zilizoletwa kutoka Dubai hucheza mifumo yote. Kanda ya SECAM ikionyesha rangi nyeusi na nyeupe tupu, tafuta chaguo la MESECAM, namna nyingine ya kurekodi SECAM, kwenye menyu ya deki. Kwa kanda ya NTSC, chagua deki itoe NTSC 3.58 halisi, si ule mchanganyiko wa "NTSC on PAL TV"; televisheni huuvumilia, vifaa vya kunasia huchanganyikiwa nao.

Kunasa kwenye kompyuta

Unganisha waya wa njano wa picha, au S-Video kama ipo, na waya mweupe na mwekundu wa sauti, kutoka nyuma ya deki hadi kwenye kifaa cha kunasia cha USB. Vile vidude vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la EasyCap ni bahati nasibu: boksi moja, chipu tofauti ndani, na draiva zinazogoma kwenye Windows mpya. Hauppauge USB-Live2 na I-O Data GV-USB2 zina sifa nzuri ya muda mrefu. Vibadilishi vya AV kwenda HDMI viepuke kabisa kwa kazi hii. Vinaunganisha mistari kwa pupa, vinanyoosha picha hadi upana wa TV za leo na kutoa picha 60 kwa sekunde kutoka kwenye 50, na uharibifu huo hauondoki tena.

Programu ya bure ya VirtualDub2 inatosha. Weka PAL_B, ukubwa wa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, rangi YUY2, sauti ya kilohezi 48. Kwa NTSC ni 720 kwa 480 na 29.97. Bila kubana kabisa, saa moja ya PAL inakula GB 75 hivi. Ukitumia kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu kama HuffYUV au Lagarith inashuka hadi kati ya GB 25 na 40. Usinase moja kwa moja kwenda MP4. Chenga za VHS zinaichosha kodeki yake, na picha hugeuka vigae.

Washa ukurasa wa takwimu na uweke jicho kwenye hesabu ya picha zilizodondoshwa. VHS haitoi mistari kwa mwendo wa saa. Kila mstari unachelewa au kuwahi kidogo kwa sababu ya mitambo. Televisheni ya kioo cha kizamani iliuvumilia mtetemo huo, kifaa cha USB hakiuvumilii: kinadondosha picha, na baada ya nusu saa bwana harusi anaongea mdomo ukiwa umefungwa. Dawa ni kifaa cha kusahihisha muda wa mistari, ambacho baadhi ya deki za S-VHS zinacho ndani. Dawa ya mfuko mdogo ni kupitisha waya ndani ya rekoda ya DVD kabla ya kufika kwenye kompyuta. Panasonic DMR-ES10 na ES15 zinajulikana kwa kunyoosha picha zilizopinda juu. Rekoda hairekodi chochote, ni njia tu.

Jaribu dakika tano kwanza. Angalia weupe usiungue: shela la bi harusi likiwa doa moja jeupe lisilo na mikunjo, punguza mwanga kwenye mipangilio ya kifaa, kwani baadaye mikunjo hiyo hairudi. Sauti isivuke -6 dB. Zima usingizi wa kompyuta, masasisho, na kila programu nyingine. Weka deki kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme. Umeme ukikatika utepe ukiwa umezunguka dramu, ukirudi bonyeza STOP na usubiri. Usivute kanda kwa mkono. Ikigoma kutoka, chomoa waya, fungua mfuniko, zungusha kwa kidole gia ya mota ya kupakia mpaka vijiti virudi nyuma, kusanya utepe uliolegea kwa kuzungusha gurudumu, ndipo kanda itoke.

Sauti mbili kwenye kanda moja

Hili hupuuzwa, nalo ndilo lililofuta tafsiri nyingi. Kanda ya Hi-Fi ina sauti mara mbili: ile ya kawaida kwenye ukingo wa juu, na ile ya Hi-Fi iliyozikwa chini ya picha. Deki zenye kazi ya kubadili sauti, iliyoandikwa Audio Dub, hubadili ile ya ukingoni tu. Hivyo kanda iliyotafsiriwa, au video ya harusi iliyowekewa wimbo juu, inaweza kuwa na sauti ya Kiswahili ukingoni na sauti ya asili kwenye Hi-Fi. Deki ikiachwa yenyewe huchagua Hi-Fi, nawe unahifadhi filamu bila mtafsiri.

Tafuta kitufe cha Audio Output au Audio Monitor kwenye rimoti. Sikiliza Normal, kisha Hi-Fi, sehemu tatu tofauti za kanda. Zikitofautiana, hapa ndipo kanuni ya pitio moja inapovunjwa kwa halali: nasa mara mbili. Usitumie chaguo la Mix, halitenganishiki.

Kusoma kasoro

Chenga picha nzima huku sauti ni safi: hedi zimeziba, rudi kwenye karatasi na alkoholi. Mara nyingi kanda yenyewe ndiyo imezichafua, kwa hiyo isafishe tena nayo. Mkanda wa chenga unaopanda au kushuka kwenye sehemu moja ya picha ni trakingi. Rekebisha kwa mkono, usitegemee ya otomatiki kwenye kanda iliyorekodiwa na deki nyingine. Juu ya picha pamepinda kama bendera: mvuto wa utepe hauko sawa, rekoda ya DVD husaidia. Sauti inayopanda na kushuka kama kanda inalewa: kigurudumu cha mpira.

Mistari michache iliyovurugika chini kabisa ya picha si kasoro. Ni mahali hedi moja inapoipokezana na nyingine, na TV za zamani ziliificha nyuma ya fremu. Iache kwenye nakala kuu.

Picha inayong'aa na kufifia kwa zamu kwenye kanda ya dukani ni ulinzi wa kunakili uliowekwa makusudi. Filamu hizo zina wenyewe, tafuta diski.

Baada ya kunasa

Faili kubwa lililonaswa ndilo kanda yako mpya. Usilipunguze, usilirembe, liweke kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Ya kutuma kwa ndugu itengeneze kutoka kwenye hilo. VHS huhifadhi kila picha katika nusu mbili za mistari inayopishana, na zikiunganishwa ovyo mikono inayopunga huota meno ya kitana. Ukitumia ffmpeg, programu ya bure ya kubadili video kwa amri za maandishi, amri hii hutoa picha 50 laini kwa sekunde kutoka kwenye kanda ya PAL:

ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=tff" -c:v libx264 -crf 17 -preset slow -pix_fmt yuv420p -aspect 4:3 -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4

Mwendo ukionekana unakwenda hatua moja mbele, nusu nyuma, nusu za mistari zimepangwa kinyume: badili tff iwe bff. Usinyooshe picha ijaze kioo kipana. Umbo lake ni 4:3, na watu hawakuwa wanene hivyo.

Kanda yenyewe usiitupe. Izungushe hadi mwanzo kwa mwendo wa kucheza au polepole, si kwa kasi inayoacha ngazi, na isimamishe wima kama kitabu, upande wenye utepe mwingi chini. Iweke mbali na spika na ukuta unaotoa jasho, kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko na silika mpya. Kwenye mfuniko andika tarehe ya kubadili silika. Pwani, miezi mitatu ni mingi.